Malkia Catherine wa Pili wa Urusi na Neno "Mtumwa"

Vitabu vilivyoandikwa juu ya Malkia Catherine wa Pili wa Urusi ni vingi, na aghalabu hufuata mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni ya vita na mipaka: jinsi alivyowashinda Waturuki, akaitwaa Krimea katika mwaka wa 1783, na akaigawa Polandi pamoja na wafalme jirani zake katika miaka ya 1772, 1793 na 1795. Njia ya pili ni ya mambo ya ndani: wapenzi wake, zawadi alizowapa, na fitina za nyumba ya kifalme. Iko njia ya tatu, nayo huwahusu zaidi watu wa elimu ya lugha. Malkia huyu alikuwa mtu wa maneno. Aliandika karibu kila siku. Alitunga maagizo ya sheria, michezo ya kuigiza, makala za gazeti, barua zisizohesabika, na kumbukumbu za maisha yake. Na chini ya mkono wake zilichapishwa kamusi mbili kubwa. Ni wachache miongoni mwa watawala wa dunia walioshughulika na maneno kiasi hicho, na kwa hiyo ni haki kumpima kwa maneno. Neno litakalotumika hapa kuwa mizani ni moja tu, yaani "mtumwa".

Catherine hakuzaliwa Mrusi wala jina lake la kwanza halikuwa hilo. Alizaliwa Stettin katika mwaka wa 1729, binti wa mwana wa mfalme mdogo wa Kijerumani wa Anhalt-Zerbst, akaitwa Sophie. Katika mwaka wa 1744, naye hajatimiza miaka 15, alipelekwa Urusi ili aolewe na mrithi wa ufalme, Peter, aliyekuwa mpwa wa Malkia Elizabeth. Hapo aliyabadili mambo matatu kwa mfululizo: lugha, dini na jina. Yeye mwenyewe asimulia kwamba aliamka usiku kujifunza Kirusi, akitembea miguu mitupu chumbani na kukariri masomo yake, hata akaugua ugonjwa wa mapafu. Na alipokuwa hoi kitandani hakutaka aletewe kasisi wa Kilutheri bali mwalimu wake wa dini ya Orthodoksi. Habari hiyo ilienea, Warusi wakampenda. Iwe ilitokea hivyo hasa au iliongezwa chumvi, yatosha kuonyesha kwamba msichana yule alitambua mapema jambo ambalo mumewe hakulitambua katika maisha yake yote: ya kwamba mgeni hupata nchi kwa kupata lugha yake. Peter III alitawala miezi sita tu. Mwezi wa Juni 1762 askari wa ulinzi walimwinua Catherine katika kiti, na siku chache baadaye mumewe, akiwa amekwisha kujiuzulu, aliuawa mikononi mwa watu waliokuwa upande wa mkewe. Catherine akatawala miaka 34, mpaka alipofariki katika mwezi wa Novemba 1796.

Katika maandishi yake yote, lililo bora kwa sanaa ni zile kumbukumbu. Aliziandika kwa Kifaransa, akazianza upya mara kadhaa katika muda wa miaka mingi, na hazikuchapishwa mpaka mwaka wa 1858, pale Alexander Herzen, Mrusi aliyekuwa uhamishoni, alipozitoa London. Zaanza kwa hoja iliyopangwa kama hoja ya mantiki: kwamba bahati si kipofu kama watu wasemavyo, bali ni tunda la tabia na mwenendo; na ushahidi wake ni watu wawili, Peter III na Catherine II. Baada ya hapo msomaji hupewa visa. Kimoja ni cha panya aliyehukumiwa na Peter kwa sheria ya kijeshi, akanyongwa, kwa kosa la kuwatafuna askari wa bandia waliokuwa zamu. Mwandishi hasemi kwamba mumewe alikuwa mpumbavu. Amweka panya pale na kumwachia msomaji aseme mwenyewe. Huo ni ufundi mkubwa. Walakini ni ufundi wenye kazi maalumu. Kumbukumbu zakatika kabla ya mwaka wa 1762, na kwa hiyo tendo kubwa kuliko yote katika maisha ya mwandishi halisimuliwi kabisa, bali laandaliwa. Msomaji akifika mwisho amekwisha kuukubali mapinduzi ambayo hajaonyeshwa, na kifo ambacho hakikutajwa.

Katika moja ya hati hizo limo jambo lisilopambwa. Catherine akumbuka nyumba za wakubwa wa Moscow alizoziona katika ujana wake, ambamo ziliwekwa minyororo, pingu za shingo na mijeledi kwa ajili ya watumishi waliokosa. Na asema kwamba ilikuwa hatari hata kuwaambia wakubwa wale kuwa watumishi wao nao ni watu. Basi haiwezi kusemwa kwamba hakujua. Urusi ya wakati ule ilikuwa na wakulima wengi mno, na nusu yao au zaidi walikuwa mali ya mabwana. Mkulima wa namna hiyo alikuwa na kibanda na kishamba chake, lakini alimfanyia bwana kazi bila ujira siku kadhaa katika juma, au alimlipa kodi ya fedha na mazao. Hakuweza kuhama wala kuoa pasipo ruhusa. Aliweza kupigwa, kupelekwa jeshini, kuhamishwa Siberia, na mara nyingi kuuzwa mbali na ardhi aliyokuwa akiilima.

Katika mwaka wa 1767 Catherine alitoa maandishi yaliyompa sifa katika Ulaya nzima, yaani Maagizo, au Nakaz kwa Kirusi, yaliyokusudiwa kuiongoza tume ya kutunga sheria mpya. Vifungu vyake vya kwanza vilikuwa 526, na sehemu kubwa yake ilitolewa katika vitabu vya Montesquieu na Beccaria; mwenyewe hakuficha kwamba alikuwa amewanyang'anya waandishi hao kwa faida ya raia zake. Yalitafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani na Kilatini, na serikali ya Ufaransa iliyapiga marufuku. Mhakiki akiyasoma leo huona kwamba lugha yake ni nyepesi na safi, yenye kuchukia mateso na adhabu za kikatili. Lakini juu ya wakulima lugha hiyo hupoteza wepesi wake ghafula. Washauri wa Malkia walikuwa wamefuta mengi katika maandishi ya kwanza, na yaliyobaki yanasema kwa mzunguko kwamba haifai kuwapa watu wengi uhuru kwa mara moja kwa sheria ya jumla. Katika tume yenyewe, iliyokuwa na wajumbe zaidi ya 500, wakulima wa mabwana hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Na katika mwaka ule ule wa 1767, mwezi wa Agosti, ilitoka amri ya kuwakataza wakulima hao wasimpelekee Malkia malalamiko juu ya mabwana zao. Atakayethubutu apigwe mijeledi na kupelekwa kazi ngumu. Maagizo na amri hiyo yapasa kusomwa pamoja, kwa kuwa yametoka katika kalamu za serikali moja na katika mwaka mmoja.

Diderot, ambaye Malkia alikuwa ameinunua maktaba yake katika mwaka wa 1765 na kumwachia aitumie maisha yake yote, alifika Petersburg katika mwaka wa 1773 akazungumza naye mara nyingi. Baadaye aliyaandikia Maagizo uhakiki mkali. Malkia aliupata katika mwaka wa 1785, Diderot amekwisha kufa, akakasirika sana. Uhakiki huo ulikuwa na shabaha iliyo wazi: mtawala asiyetaka sheria imzuie yeye mwenyewe, hata akiandika maneno mazuri namna gani, ameandika mawaidha tu wala hakuandika sheria.

Kazi ya Catherine inayowagusa hasa wenye elimu ya lugha ni kamusi ya kulinganisha lugha zote. Katika barua ya mwaka wa 1785 kwa daktari Zimmermann, Malkia aeleza kwamba aliandika orodha ya maneno ya asili ya Kirusi kati ya 200 na 300, akayatafutia tafsiri katika kila lugha aliyoweza kuipata. Kisha akaikabidhi kazi hiyo kwa Peter Simon Pallas, mtaalamu wa viumbe na mimea. Vitabu viwili vikachapishwa Petersburg kati ya mwaka wa 1787 na wa 1789, vyenye maneno 285 katika lugha 200, za Ulaya na za Asia, zote zimeandikwa kwa herufi za Kirusi. Na jalada likatangaza kwamba yamekusanywa kwa mkono wa kuume wa Mtukufu mwenyewe. Neno la kwanza ni "Mungu". Chapa ya pili, iliyopangwa na Jankovich de Mirievo katika mwaka wa 1790 na wa 1791, iliongeza lugha za Afrika na za Amerika. Kwa ajili ya hizo za Amerika, ombi lilikuwa limefika kwa George Washington mwenyewe kwa njia ya Lafayette, naye akatuma orodha za maneno katika mwaka wa 1788.

Ukubwa wa jambo hili hauna shaka. Ndiyo mara ya kwanza serikali moja kutumia magavana, mabalozi na wasafiri wake kukusanya maneno ya watu wengi kiasi hicho, na lugha kadhaa ndogo za Siberia zilipata kuandikwa wakati ule kabla hazijapotea. Lakini upungufu wake nao ulionekana mapema. Christian Jakob Kraus, mwalimu wa chuo cha Königsberg, aliihakiki kazi hiyo katika mwaka wa 1787, akasema kwamba haitoshi kulinganisha maneno moja moja. Hapana budi sarufi ilinganishwe pia, yaani umbo la maneno na mpango wake katika sentensi, na mahali inaposemwa kila lugha pajulikane. Mwenye kukijua Kiswahili hahitaji kuthibitishiwa hoja ya Kraus. Mtu akiwa na orodha mkononi akaandika bahari, samaki, damu, hewa, roho, sita, saba na tisa, atakiweka Kiswahili pamoja na Kiarabu na kulala usingizi. Lakini akisikia kwamba kitabu kimoja huwa vitabu viwili, na kwamba neno hilo la Kiarabu limevalishwa ki- na vi- kama kisu na kiti, atajua kwamba maneno yamekuja kama wageni na sarufi ndiyo mwenye nyumba. Elimu ya lugha ilipata njia yake hasa pale Bopp, katika mwaka wa 1816, alipolinganisha minyambuliko ya vitenzi badala ya kulinganisha orodha. Kosa la kamusi ya Malkia ni la mtu aaminiye kwamba neno ni kitu kamili chenyewe, ambacho chaweza kung'olewa katika lugha yake na kutazamwa pweke kama jiwe.

Imani hiyo haikukomea katika kamusi. Katika mwezi wa Februari 1786, wakati Pallas akiipanga kazi yake, Malkia alitoa amri juu ya hati za maombi zinazoletwa kwake. Mwombaji asijiandike tena kuwa "rab", yaani mtumwa, bali ajiandike "raia mwaminifu". Neno lenyewe lilikuwa na historia. Zamani watu wa cheo waliomwandikia mfalme wa Moscow walijiita "kholop", lenye maana ya mtumwa wa nyumbani. Peter I alilibadili katika mwaka wa 1702, akaamuru waandike "rab wa chini kabisa". Naye alidhani amewapandisha, maana rab ni neno la kanisani, na kila Mkristo wa Orthodoksi huitwa rab wa Mungu, kama vile kwa Kiswahili mtu husemwa kuwa mja wa Mungu pasipo kuona haya. Catherine akapanda ngazi ya tatu. Wasifu wake walishangilia, na mshairi Vasily Kapnist, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ametunga utenzi wa huzuni juu ya utumwa baada ya wakulima wa Ukraine kufungwa katika mashamba, safari hii alitunga utenzi wa kushukuru.

Swali la mhakiki ni hili: amri ya 1786 iliondoa neno hilo kwa nani? Jibu limo katika amri ya 1767. Aliyekuwa na ruhusa ya kumwandikia Malkia ni mkubwa, mfanya biashara, askari, kasisi, au mkulima asiye na bwana anapokuwa na shauri lake. Mtu ambaye kwa hakika alikuwa mali ya mwingine hakuruhusiwa kumshitaki bwana wake kwa Malkia, na kwa hiyo hakuwa na hati ya kutia jina la namna yoyote. Neno "mtumwa" liliondolewa kwa wasio watumwa. Kwa watumwa halikuondolewa, kwa sababu hawakuulizwa wajiite nani.

Uko ushahidi mwingine, nao watoka upande ule ambao Malkia aliuchukia kuliko yote. Kati ya mwaka wa 1773 na wa 1775 Yemelyan Pugachev, Mkosaki asiyejua kusoma, aliongoza uasi mkubwa katika nchi za mto Ural na Volga, akijidai kuwa ndiye Peter III aliyenusurika kifo. Katika tangazo lake la mwezi wa Julai 1774 aliwapa uhuru wakulima wote wa mabwana, na maneno aliyoyatumia ni ya ajabu kwa msomaji wa leo: aliwafanya kuwa raia waaminifu na "rab" wa taji lake mwenyewe. Je, mwasi huyu aliwaahidi watu uhuru kwa kuwaita watumwa? Ndivyo, na waliomsikia walimwelewa. Kwao rab wa taji alikuwa kinyume cha mtu wa bwana. Asiye na bwana ila mfalme alikuwa na shamba lake, mto wake na ndevu zake. Maana ya neno haikuwamo ndani ya neno peke yake. Ilikuwa katika uhusiano wake na maneno mengine, na katika jambo lililoandamana nalo. Miaka 12 baadaye Catherine aliyakata maneno yale yale vipande viwili, akatupa "mtumwa" na kuweka "raia mwaminifu". Pugachev aliliweka neno na kuahidi kuondoa jambo. Malkia aliondoa neno na kuliweka jambo. Wa kwanza alikuwa mdanganyifu, mwenye mikono iliyojaa damu, akakatwa kichwa Moscow katika mwezi wa Januari 1775. Hata hivyo, katika shauri hili la maana ya maneno, yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na lugha ya watu.

Haki yataka yatajwe pia ya kumtetea Malkia. Kiti chake kilisimama juu ya mabega ya wakubwa waliompa, na kuwagusa katika mali yao kungaliweza kumtupa alikotupwa mumewe. Wala kubadili namna ya kuwaita watu si kitu bure: mtu aliyezoea kuandika "raia" aweza siku moja kuuliza haki za raia. Lakini walipotokea waliouliza, Malkia aliwafahamu vizuri mno. Nikolai Novikov alikuwa ameshindana naye katika magazeti tangu mwaka wa 1769, Malkia akitaka dhihaka ipige maovu kwa jumla, na Novikov akitaka iwafikie waovu wenyewe. Katika mwaka wa 1792 alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 15 katika ngome ya Shlisselburg. Alexander Radishchev katika mwaka wa 1790 alitoa kitabu cha safari kutoka Petersburg kwenda Moscow, ambamo wakulima wameonyeshwa wakiuzwa mnadani. Malkia alikisoma kalamu mkononi, akaandika pembeni mwa kurasa, akamwona mwandishi kuwa mwasi mbaya kuliko Pugachev. Radishchev alihukumiwa kufa, kisha akapelekwa Siberia kwa miaka 10. Kosa lake lilikuwa kuliita jambo kwa jina lake.

Kwa wenye kuandika Kiswahili shauri hili lina tokeo lake, kwa maana historia ya Urusi yahitaji kusimuliwa katika lugha hii pia, na mfasiri lazima achague neno la kumwita mkulima wa bwana. Akisema "mtumishi" amempa ujira asioupata. "Mtwana" ni mwanamume tu, na wanawake wa vijiji vile waliuzwa kama waume zao. "Mjoli" ni mtumwa mwenzi, si mtumwa kwa bwana wake. "Raia" ni neno lenye siri yake: kwa asili ya Kiarabu ni kundi lichungwalo, na Waturuki ambao Catherine alipigana nao waliwaita hivyo hivyo watu wao walipa kodi; kwa hiyo laweza kumfaa mkulima katika kamusi, lakini katika Kiswahili cha leo raia ni mwenye haki, na mkulima yule hakuwa nazo. Kwa upande mwingine "mtumwa" peke yake humletea msomaji wa pwani picha ya soko la Unguja na majahazi, ambayo siyo. Lililo salama ni kusema "mkulima mtumwa" na kueleza hali yake mara ya kwanza. Jina hilo ni zito, lakini halifichi kitu. Mfasiri anayelikimbia kwa ajili ya uzuri wa lugha huitoa upya ile amri ya mwaka wa 1786.

Unguja hali ya utumwa ilifutwa katika sheria kwa amri ya mwaka wa 1897, na neno likabaki midomoni kwa miaka mingi, likiwaumiza watu ambao sheria ilikwisha kuwaacha huru. Urusi neno lilifutwa katika hati, na hali ikabaki miaka 75, mpaka amri ya ukombozi ya mwezi wa Februari 1861. Mifano hii miwili, ikiwekwa pamoja, yaonyesha kwamba neno na jambo havitembei kwa hatua moja, na kwamba mtawala aweza kuliamuru moja bila kuligusa la pili. Catherine wa Pili alistahili sifa nyingi alizopewa: alikuwa msomaji hodari, mwandishi mwenye akili na mlinzi wa elimu, ambaye chini yake Binti Mfalme Dashkova aliongoza chuo cha lugha ya Kirusi kilichofunguliwa katika mwaka wa 1783 na kutoa kamusi kubwa ya lugha hiyo katika vitabu sita. Katika kamusi hiyo neno "rab" limeelezwa. Wenye kuishi maana yake hawakuweza kulisoma.